TAHADHARI: Msinunue vizimba vya hamsta “vilivyoidhinishwa na IATA”

Jamani, kabla mtu mwengine hajatuma pesa, someni hapa mpaka mwisho. Kuna mwanamke anauza mtandaoni vizimba vya kusafirishia hamsta, wale jamaa wa panya wanaofugwa nyumbani, anasema yuko Nairobi. Picha zake safi, maneno yake matamu, na kila kizimba kina kibandiko cha buluu kilichoandikwa kwamba kimeidhinishwa na IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Huyo ni mwizi. Nasema mwizi na sirudi nyuma. Jina la ukurasa wake silitaji hapa kwa sababu anayenisaidia na kesi amenikataza mpaka karatasi ziingie mahakamani, lakini atakayeniuliza faraghani nitamwonyesha kila kitu, jumbe, sauti, na picha za mguu wa Korosho, hamsta wa binti yangu.

Tulikuwa tunahamia Mombasa, mengine ya uhamisho wetu sina haja ya kuyarudia. Mizigo ilikuwa imeshatangulia, kilichobaki ni sisi, gari la mjomba, na Korosho. Mnaomjua Korosho mnajua pia binti yangu yukoje juu yake. Na baada ya Mombasa kuna Masqat, Oman, ambako baba yake binti anatusubiri, kwa hiyo nilitaka kizimba kimoja kitufae barabarani sasa, na uwanja wa ndege baadaye endapo tutapata shirika litakalokubali kumbeba, maana mengi hayataki panya wala jamaa zake ndani ya ndege. Ndio sababu hilo neno IATA lilinikamata.

Sasa nieleze kwa nini nilimwamini, kwa sababu nimeshaanza kusikia “kwani wewe hukuona?” Hapana, hamngeona nanyi. Huyu mwanamke hakuanza na bei. Alianza kwa kuniuliza hamsta wangu ni wa Siria au ni wa zile aina ndogo. Nikamwambia wa Siria. Akauliza urefu wake, akauliza kama ni mtafunaji, akauliza safari ni ya saa ngapi na tunapita wapi. Muuzaji gani anauliza hivyo? Pale duka la wanyama nilipokwenda kwanza, kijana alitaka kuniuzia kizimba cha ndege chenye nafasi za waya ambazo kidole changu gumba kilipita. Huyu akaniambia mwenyewe kwamba hamsta wa Siria asiwekewe nafasi inayozidi sentimita moja, na wale wadogo nusu ya hiyo, kwa sababu kichwa kikipita mwili mzima umepita.

Akaendelea. Gurudumu litoke, gari likikanyaga shimo litamponda. Chupa ya maji isiwekwe gari likiwa linakwenda, itavuja na matandiko yatalowa, na hamsta aliyelowa anapata baridi upesi. Badala yake weka kipande cha tango. Usimfulie matandiko yake kabla ya safari, chukua yale ya zamani kiasi uyatie kwenye kizimba kipya ili asikie harufu yake mwenyewe atulie. Usitumie ile pamba laini ya kulalia, nyuzi zake zinamfunga miguu na akizimeza zinaziba utumbo. Chana karatasi ya choo isiyo na manukato, inatosha. Maranda yenye harufu kali ya mti usitie, kifua chake hakiwezi. Hamsta wa Siria wawili usiwatie kizimba kimoja hata kama ni ndugu, watauana. Nilimwonyesha binti yangu zile jumbe, akaniambia, “Mama, huyu anajua.”

Na kweli anajua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimekwenda kuyahakikisha maneno yake kwa daktari wa wanyama, neno kwa neno, na hakuna hata moja lililokuwa uongo. Uongo wote ulikuwa kwenye kisanduku.

Hata hivyo sikutuma pesa hivi hivi. Nilimwambia nataka kukiona. Akakubali mara moja, akapiga simu ya video usiku ule ule, baada ya isha. Nikaona mikono tu, ina hina iliyoanza kufifia, na bangili moja ya fedha. Kizimba kilikuwa mezani juu ya kitambaa cha maua. Plastiki ngumu, nzito, ya kijivu. Akagonga ubavu kwa kucha, nikasikia kabisa ule mlio wa kitu kigumu. Akaniambia, “Tazama dadangu, tazama ndani, hakuna ukingo hata mmoja, meno hayana pa kushika.” Akakiinamisha mbele ya kamera, kweli ndani laini tupu, na juu wavu wa chuma, si plastiki. Akafungua kifuniko, akakifunga, kikalia tak upande huu, tak upande wa pili. Akasema huu ndio ulinzi wenyewe, kufuli mbili, maana ya upande mmoja hamsta anaisukuma kwa kichwa usiku kucha mpaka inalegea. Halafu akakiinua mpaka kifuani mwake akakiachia kikaanguka sakafuni. Pu! Hakikufunguka. Binti yangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshafungua M-Pesa.

Akasema vimebaki viwili na kuna mama wa Nakuru anakitaka kimoja. Nikaomba nilipe mzigo ukifika, akasema kwa upole kabisa, “Nimeumizwa na watu dadangu, wanaagiza halafu hawapokei simu.” Nikamhurumia! Shilingi 6,800, na 400 ya kutumiwa. Jina lililotokea kabla ya kubonyeza lilikuwa la mwanamume. Nikamuuliza. Akajibu ni kaka yake, kwamba nambari yake ya biashara ina hitilafu wanaishughulikia. Nani hajawahi kumlipa fundi au mama mboga kupitia nambari ya ndugu yake? Nchi nzima tunafanya hivyo.

Mzigo ulifika jioni ya kuamkia safari, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, umefungwa kwa gundi ya karatasi tabaka juu ya tabaka. Nilipoufungua jikoni kwanza kilichonipiga ni harufu ya rangi. Umbo lile lile, kijivu kile kile, kibandiko cha IATA kipo pale pale. Lakini chepesi. Kuta zake ni plastiki ya beseni, matundu ya hewa yametobolewa kwa kitu cha moto, kingo zake zimekauka na ncha kama misumari. Wavu wa juu si chuma, ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kufuli moja tu, ya pili imechorwa. Wallahi, imechorwa kwa rangi. Na sakafu ni plaiwudi nyembamba iliyopakwa kijivu ifanane na plastiki.

Mbao! Kwa hamsta! Hamsta wa Siria karibu wote tunaowafuga duniani wametokana na mama mmoja na wanawe waliochimbuliwa shambani karibu na Aleppo mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni. Na hata wale, walipofikishwa Jerusalem wakawekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya mbao, usiku wengine waliitafuna wakatoroka. Meno yao hayaachi kukua, lazima watafune. Mwanamke anayejua habari ya nyuzi za pamba na utumbo haijui habari hii? Anaijua. Alijua kabisa anamtia Korosho kwenye kitu gani.

Nilipiga simu haikupokelewa. Nikatuma ujumbe, ukasomwa, halafu picha yake ikatoweka, maana yake amenifungia. Nikapeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini mzigo wenyewe ulishachukua muda kufika na pesa zilikuwa zimeshatolewa. Saa ile maduka yamefungwa, nyumba tupu, kizimba chake kikubwa kimeshakwenda na lori, na alfajiri tunaondoka. Nilisugua kingo za matundu kwa kipande cha msasa alichokuwa nacho bawabu, nikafunga kifuniko kwa kamba, nikatandika karatasi nyingi sakafuni, nikatia tango. Tukakiweka chini nyuma ya kiti cha mbele, mahali ambapo hakiwezi kuruka hata gari likifunga breki.

Mpaka Mtito Andei alikuwa amelala. Baada ya hapo joto likaanza, mnalijua joto la Tsavo, na hamsta akipita nyuzi 30 yuko hatarini. Tulifunga madirisha tukawasha kipoza hewa, lakini kile kizimba hakipitishi hewa vizuri, matundu ya ubavuni yote yako upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa umeegemea kiti. Karibu na Voi binti yangu akapiga ukelele. Korosho alikuwa ameamka anatafuta pa kutokea, ameingiza mguu wa mbele kwenye tundu moja, na ule ukingo umemkamata. Alikuwa analia. Mwenye hamsta anajua huwa hawalii hivi hivi. Mjomba alisimamisha gari pembeni malori yanapita, nikakata plastiki kwa mkasi wa kucha huku mwanangu ananishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kila nilipokata Korosho alizidi kuvuta. Damu ilikuwa kwenye zile karatasi zote. Nilipomtoa nikaona kona ya ile plaiwudi imeshaliwa, imebaki ngozi tu ya rangi. Tungechelewa kidogo angekuwa ndani ya mashine ya gari.

Tuliingia naye Mombasa ndani ya ndoo ya plastiki ya mandazi yenye kifuniko kilichotobolewa, tuliyopewa na mama mmoja wa hoteli pale Voi, Mungu amzidishie. Daktari amemwondoa kucha moja na kumshona. Anakula, alhamdulillahi, lakini bado hakanyagi vizuri. Binti yangu analala na kizimba chake ubavuni.

Haya, dalili. IATA haiidhinishi wala haithibitishi kizimba cha kampuni yoyote ile, wala haviuzi. Ina kitabu cha kanuni za kusafirisha wanyama hai ambacho mashirika ya ndege yanafuata, na kitabu kinaeleza kizimba kiweje, basi. Kwa hiyo ukiona kibandiko kinasema “kimeidhinishwa na IATA”, umeshajua. Hili niliambiwa na daktari, baada ya yote. Pili jina la M-Pesa. Kama ni duka, litoe nambari ya till, ile ya malipo ya biashara, inayotaja jina la duka. Tatu ukurasa wake maoni yamefungwa yote, huwezi kumuuliza mteja wa jana. Na zile video anazoweka ukitazama ukutani utaona soketi za matundu mawili ya duara, si zetu hizi za pini tatu, yaani video za watu wa ng’ambo kazikata kichwa. Ile ya simu ilikuwa yake kweli, kwa hiyo anacho kizimba kimoja kizuri anachowaonyesha watu, na kingine ndicho anachowatumia.

Kizimba kikifika, kabla hujamtia mnyama, pitisha kidole kila ukingo, nusa, pima uzito, vuta kifuniko kwa nguvu. Kikinuka rangi kitupe. Ndoo ile ya mandazi ilikuwa salama kuliko kile kitu.

Lakini mimi dalili hazinitoshi, nataka huyu mtu ashikwe. Tuna sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, na ulaghai wa mtandaoni umo ndani yake. Nimeandikisha malalamiko polisi na nimepewa nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Afisa alicheka aliposikia hamsta, nikamwambia asicheke, aandike. Iwe ni hamsta, iwe ni ng’ombe, pesa ni pesa na uwongo ni uwongo. Nakwenda pia Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nami ninadai pesa yangu, ada ya daktari, kila kitu. Laini ile ifungwe, na huyo anayeitwa kaka naye aitwe aeleze. Na asiishie kurudisha pesa tu. Atozwe faini ya kumuuma, afungwe ikibidi, na atangazwe jina lake kila mtu alijue, kwa sababu likizo ya Desemba inakuja, watu wanasafirisha wanyama wa watoto wao kwenda mashambani, na yeye ameshaanza kuweka picha mpya. Jana ameweka. Kijivu kile kile, kitambaa kile kile cha maua.

Nimeshapata wenzangu wawili waliolizwa, mmoja yuko Thika na mmoja Kilifi. Kama nawe ulinunua kwake, usikitupe kile kizimba hata kama kinakukera. Kipige picha chini, juu na ndani, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na zile jumbe zake zote kabla hajazifuta, kisha niandikie. Tunapeleka pamoja.