Programu za kuingilia seva na kuhamishia mafaili: tazama nusu faili kwanza

Dada mmoja wa Wete kaniletea malalamiko. Alikuwa akipandisha nakala ya hesabu za ofisi kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya wote, iliyopo Unguja, umeme ukakatika katikati. Asubuhi faili lilikuwepo, jina lake kamili, kila mtu akaridhika. Kompyuta ya ofisi ilipokufa ndipo walipolifungua. Nusu!

Kwa hiyo rangi za dirisha hazinihusu. Nauliza jambo moja: safari ikikatika, programu inaacha nini kule ng'ambo?

Ya kwanza kwangu ni WinSCP, kazi ya Martin Přikryl, na ndiyo, naipendelea waziwazi. Faili linalozidi kilobaiti 100 hulipeleka kwa jina la muda lenye mkia wa .filepart, na jina halisi hulipa likishafika lote. Ukiona mkia ule, unajua mzigo haujatimia. Mtandao ukirudi, inaendelea pale pale ilipoachia. Ila chagua SFTP, njia ya kuhamisha mafaili kwa usiri. Ukichagua SCP, njia nyingine iliyomo humo humo, uwezo huo huna.

Amri za kuandika utazitoa kwa PuTTY ya Simon Tatham, ipo tangu 1999, na WinSCP inaifungua kwa kitufe kimoja. Kasoro ya PuTTY: ile ishara ya kuuweka hai muunganisho huja imezimwa, imeandikwa sifuri. Fungua sehemu ya Connection, weka sekunde 30, ama utakwenda kunywa chai urudi ukute dirisha limekufa. Kazi ndefu ziendeshe ndani ya tmux, programu inayoziendeleza hata ukitoka, huko kwenye seva, zisife pamoja na umeme wa kwako.

FileZilla, nayo ya kuhamishia mafaili, ndiyo iliyomponza dada yetu. Huandika moja kwa moja kwa jina halisi, basi nusu na zima hufanana usoni. Ukirudia, inakuuliza ufanye nini, na jibu lililokwisha kuchaguliwa ni kufuta na kuandika upya; mwenye haraka anabonyeza tu, anaanza mwanzo. Tena wengi huitumia kwa FTP tupu, njia ya kale ya kuhamisha mafaili, ya tangu 1971, inayopitisha nenosiri uchi. SSH, njia ya siri ya kuingilia seva ambayo SFTP hupita ndani yake, ilizaliwa Finland mwaka 1995 kwa sababu ya wizi wa manenosiri kama hayo, na bado watu wapo na FTP!

MobaXterm inaweka skrini ya amri na mafaili pamoja, raha kweli, lakini ya bure inahifadhi seva 12 basi. SecureCRT, ya kutolea amri kama PuTTY, ni nzuri, bei yake ya dola. Kama mwajiri halipi, pita. Asiyetaka kusakinisha kitu, Windows 10 na 11 zina amri ya sftp, na neno reput linaendeleza lililokatika.

Sasa hawa mafundi wetu wa mjini. Mtu ananunua laptopu, anatozwa pesa ya "leseni" kwa kuwekewa PuTTY na WinSCP, zote za bure kwa wenyewe! Fundi mwenye haya angesema natoza mkono wangu, nami ningelipa bila maneno. WinSCP inauzwa pia kwenye duka la Microsoft, kwa hiari, na pesa ile angalau inamfikia aliyeiandika. Ya fundi wa leseni haivuki hata kizingiti cha duka lake.