GBI ya Georgia na TBI ya Tennessee: nani ana kauli juu ya mkurugenzi?

Majimbo haya mawili ya Marekani ni majirani, na kila moja lina idara yake ya upelelezi inayojitegemea: GBI tangu 1974, TBI tangu 1980. Tofauti iko kwa bosi. Georgia, mkurugenzi huteuliwa na Bodi ya Usalama wa Umma kwa idhini ya gavana, na hudumu maadamu bodi inamtaka. Na mwenyekiti wa bodi ni nani? Gavana huyo huyo. Tennessee wameweka kizingiti: tume huchuja waombaji, humpelekea gavana majina matatu, naye huteua mmoja kwa miaka 6. Kwa ofisi inayopeleleza rushwa ya wakubwa, mimi ningechukua utaratibu wa Tennessee bila kusita.

Kwenye kuitwa kazini, Georgia ni wepesi zaidi. Sherifu wa kaunti akizidiwa na kesi ya mauaji, huiomba GBI moja kwa moja. Tennessee, kesi ya namna hiyo lazima iombwe na mwendesha mashtaka wa wilaya. Maabara wote wanazo, ila GBI ina pia madaktari wa kupasua maiti.