Nondo za "chuma cha kijani": nondo safi, lebo ndo inanisumbua

Nimetumia hizi nondo za milimita 12 na 16 kwenye nguzo na mkanda, na kiukweli kwa kazi hazina shida, zimenyooka, michirizi yake inashika zege vizuri, unakunja ringi hazipasuki. Kutu ya juu juu ilikuwepo ila ukisugua inatoka.

Kilichonifanya niandike ni lebo. Nilizichagua kwa sababu ya hayo maneno "chuma cha kijani", yaani chuma kilichotengenezwa kwa kutoa hewa ukaa kidogo, na nikaongeza hela juu ya bei ya nondo za kawaida, ila hakuna mahali wameandika zimetoka tanuru gani, na hilo ndo swali lenyewe jamani. Chuma kikitoka kwenye mawe ya madini kwenye yale matanuru makubwa, makaa ya mawe hayachomwi kwa ajili ya joto tu, yanageuzwa kuwa koki (makaa yaliyookwa bila hewa mpaka yakabaki karibu kaboni tupu) halafu kaboni yake ndo inaenda kuing'oa oksijeni iliyoshikamana na chuma, kwa hiyo hewa ukaa lazima itoke hata kiwanda kiwe kisafi namna gani. Tani moja ya chuma, zaidi ya tani 2 za hewa ukaa! Skrapa ikiyeyushwa kwenye tanuru la umeme ile oksijeni ilishatoka zamani, kazi inabaki ya kuyeyusha, unashuka chini ya tani 1, na hapo bado inategemea umeme wenyewe ni wa maji au wa makaa. Dunia inatengeneza karibu tani bilioni 1.9 kwa mwaka na kama asilimia 70 ni kwa njia ya makaa, sasa mtu asiniambie tanuru ni jambo dogo la kuacha kuandika.

Muuzaji nilipomuuliza akasema ni za skrapa. Inawezekana kabisa, maana shaba inayoingia na nyaya za magari chakavu ni ngumu mno kuitoa kwenye chuma kilichoyeyuka, kwenye bati la bodi la gari inaharibu lakini nondo inavumilia, ndo maana skrapa nyingi huishia kwenye nondo. Ila mimi nikisikia chuma cha kijani nafikiria kile cha mradi wa HYBRIT kule Uswidi, waliotoa chuma cha kwanza mwaka 2021 wakitumia haidrojeni kuondoa oksijeni, kinachotoka ni mvuke wa maji. Hicho ni kitu kingine kabisa na nondo ya skrapa, na skrapa yenyewe haitoshi dunia nzima kwa sababu chuma kingi bado kiko ndani ya majengo na madaraja yanayotumika.

Nondo nawapa nyota 5, lebo nyota 2. Nimeshamuomba muuzaji karatasi ya kiwanda inayoonyesha aina ya tanuru na kilo za hewa ukaa kwa kila tani ya chuma, akiileta nakuja kubadilisha hapa.