Zahanati ya mtaani Mwanza nikiwa na kibali cha kambi: uzoefu wangu

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, kwa rufaa ya kuja Mwanza, akawekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Upasuaji ulienda vizuri. Ninayotaka kuieleza ni zahanati ya serikali iliyotupokea baadaye, tulipokuwa tumehifadhiwa na mama mmoja karibu na mwalo tukisubiri kliniki ya marudio.

Siku ya tano tangu turuhusiwe, mtoto alitapika mara tatu alfajiri. Wodini walitukaririsha dalili za mrija kuziba au kuingia wadudu: kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kutuna, macho kuelekea chini, homa. Ukiona mojawapo, husubiri kesho.

Dirishani niliombwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mkimbizi ataitoa wapi? Nikatoa kibali cha kutoka kambini na barua ya rufaa. Kijana wa mapokezi akavigeuzageuza, akaniambia nikae pembeni amuulize mkubwa wake. Nilikaa karibu saa nzima, mtoto amelegea mgongoni. Nyota moja naiondoa hapo, na iliniuma.

Muuguzi aliyekuwa akipita ndiye aliyesimama. Akaniuliza mtoto alitibiwa wapi, nikamjibu kama tunavyosema kwetu Uvira, Kongo: kwa munganga. Uso ukambadilika. Huku ukisema mganga watu wanaelewa wa kienyeji. Kwetu ni daktari. Nikamfunulia mtoto kovu la nyuma ya sikio na lile la tumboni, akaelewa papo hapo, akampokea na kuingia naye kwa daktari.

Walipima joto, wakagusa utosi, wakazungusha futi kichwani na kulinganisha na kipimo kilichoandikwa wodini. Kisha wakapiga simu hospitali ya rufaa. Niliogopa sana wangetupa dawa ya kuzuia kutapika na kuturudisha nyumbani; hawakufanya hivyo. Jioni ileile tulikuwa wodini. Mrija ulikuwa umeziba, ukabadilishwa.

Zahanati sikulipa kitu. Watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na yule muuguzi alichoangalia ni umri tu. Nawapa nyota nne kati ya tano, kwa moyo wote.

Wenzangu mnaokuja kwa rufaa, toeni nakala za kibali na barua, msibaki na karatasi moja inayochakaa mkononi. Semeni "daktari". Na tarehe ya kliniki ikivuka mwisho wa kibali, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjatoka wodini. Mimi nilishtuka zimebaki siku mbili.

Muuguzi yule bado hupiga simu kumuulizia. Juzi nilimwambia mtoto ameanza kukaa bila kushikiliwa.