Alaimenti hapa Tanga mjini: eti "mpigie shemeji"

Gereji hii niliyoendea alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa, nawapa nyota mbili. Moja ya mashine, nyingine ya fundi wao kijana wa chini kule. Yule wa mapokezi hana chake hapa.

Gari langu ni Probox, la kazi. Msimu ukifika linashusha machungwa kutoka Muheza, nje ya msimu linabeba chochote kinacholipa. Likaanza kuvuta kushoto. Sasa, kuvuta kidogo si neno: barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji ya mvua yashuke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari ukiliachia usukani litaelekea huko tu. Ila langu lilivuta hata pale Pongwe alfajiri, lami tupu, nikiwa nimehamia katikati. Na tairi la mbele linaliwa bega la ndani. Ukipitisha kiganja kwenye kashata, vile vibonge vya mpira vinavyokanyaga lami, upande huu panateleza, ukirudisha panakwaruza. Hiyo ni alaimenti, haihitaji mganga.

Nikaenda gereji moja yenye mashine ya kisasa. Nikamwambia wa mapokezi: kaka, kabla hamjalipandisha, naomba mpime upepo, halafu mliinue kwa jeki mlitikise, nahisi tairodi endi ya kushoto ina mchezo. (Tairodi ni kile chuma kinachopeleka mgeuko wa usukani kwenye gurudumu, endi ni kiungo chake cha mwisho, na mchezo ni kulegea.)

Anamenya chungwa. Ganda anataka litoke zima, macho yote hapo. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Dada, haya mambo ni ya kitaalamu. Mpigie shemeji nimweleze yeye."

Shemeji yupi? Kadi ya gari ina jina langu, mkopo niliulipa mimi, na huyo shemeji mnayemtafuta hata buti la Probox hajui linafunguliwaje. Jamani.

Wakalipandisha hivyo hivyo. Karatasi ya vipimo ikatoka, kijani tupu, eti kila kitu sawa. Nimetoka nje ya geti tu, usukani umekaa upande kulia na gari linaenda moja kwa moja. Maana yake hawakuuweka usukani sawa wakaufunga kwanza, wamezungusha tairodi ya upande mmoja basi. Nikarudi. "Mashine haidanganyi," ananiambia.

Ni kweli haidanganyi! Inapima gurudumu lilivyokaa wakati ule, gari limesimama, sakafu imenyooka. Kama tairodi endi imelegea, namba zitakuja nzuri hapo hapo, na shimo la kwanza utakaloingia linazivuruga zote. Ndiyo maana mchezo unatafutwa kabla ya kupima, si baada. Kwani nilisema nini mimi tangu mwanzo?

Nikaenda kwa mzee mmoja Ngamiani, hana mashine, ana jeki na kigoda. Akainua, akashika tairi kushoto na kulia, akasukuma huku akivuta: ngo, ngo. Akanitazama, wala hakusema kitu. Tukabadilisha tairodi endi. Akavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapima kwa futi, akarekebisha. Gari likatulia vizuri mno. Lakini mwenyewe akanishauri, mwanangu, uzi huu ni wa kukufikisha, kapime kwenye mashine.

Na mashine ninayoiamini ni ile ile. Nikameza mate nikarudi.

Safari hii nilimkuta yule fundi kijana, wa mapokezi hayupo. Huyo nampa sifa zake zote. Alipima upepo bila kuambiwa. Akafungua buti, akatoa magunia na jeki vilivyorundikwa upande mmoja, akisema gari likilala upande na vipimo vinalala. Akaweka usukani sawa, akaufunga, akagawa marekebisho tairodi zote mbili. Kisha akaniambia, "Dada, kalijaribu kwanza, ukiridhika ndiyo uje." Nikaenda mpaka Mabanda ya Papa na kurudi, naliachia usukani kwa makusudi, linakwenda mstari. Kwa kazi ile nilikuwa tayari kuandika nyota nne, wallahi, na yale ya shemeji niyasamehe.

Nafika mapokezi kuaga, jamaa kesharudi. Ananidai alaimenti upya, 30,000 kamili, kwa kazi waliyoiharibu wenyewe mara ya kwanza. Nikamwonyesha karatasi yao ya kijani. Anasema ile ilikuwa huduma nyingine.

Nimelipa, nilikuwa na mzigo unanisubiri Muheza. Ila zile nyota mbili za juu zisomeni moja, na hiyo moja ni ya kijana. Mkienda, mwulizieni yeye. Kama hayupo geuzeni gari.