Kipimo cha uandishi kwa kila faharasa ndani ya SQL Server

Kila faharasa (index, muundo wa kuharakisha utafutaji) inayoongezwa kwenye jedwali huongeza kazi wakati wa kuandika, na anayetaka kujua ni ipi inayolemea zaidi hawezi kuridhika na jumla ya jedwali zima. Kwa kazi hiyo ninatumia sys.dm_db_index_operational_stats, kitendaji (function) kilichomo katika SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, tangu toleo la 2005, nami naamini kinastahili kutumiwa zaidi kuliko kinavyotumiwa sasa.

Wengi huishia kwenye sys.dm_db_index_usage_stats, ambayo safu yake ya user_updates huhesabu kauli (amri zinazotekelezwa), si rekodi. Tofauti hiyo ni kubwa. Nilipofuta rekodi 1,000 kwa kauli moja katika jedwali la majaribio, user_updates iliongezeka kwa 1 tu, ilhali leaf_ghost_count ya kitendaji hiki ilipanda kwa 1,000 kwenye kila faharasa iliyoguswa. Lakini hapo pana mtego: leaf_delete_count haikusogea, kwa sababu haihesabu rekodi ambazo kwanza huwekewa alama ya kufutwa na kuondolewa baadaye. Anayeisoma peke yake atadhani hakuna kilichofutwa, kwa hiyo ni lazima zijumlishwe zote mbili pamoja na leaf_insert_count na leaf_update_count.

Safu ya leaf_allocation_count huashiria kugawanyika kwa kurasa (vipande ambamo rekodi huhifadhiwa), ila haitofautishi ukurasa uliopasuliwa katikati na ule ulioongezwa mwishoni kwa sababu funguo zinapanda kwa mfululizo. Nisingeitumia peke yake kuamua nafasi ya kuachwa wazi katika kila ukurasa.

Kasoro inayoniudhi ni kwamba hesabu hizi hazidumu. Maelezo ya faharasa yakiondolewa kwenye kache (hifadhi ya muda), au seva ikiwashwa upya, zinaanza tena sifuri. Ndiyo maana ninazinakili kila saa katika jedwali la pembeni na kutoa za mwanzo kutoka za baadaye, na tofauti ikiwa hasi naitupa.

Hata hivyo, waliozoea PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, watakifurahia kitendaji hiki, kwani huko pg_stat_user_indexes huonyesha usomaji wa kila faharasa, huku uandishi ukihesabiwa kwa jedwali zima.

Kabla ya kuondoa faharasa yenye uandishi mwingi, linganisha na usomaji wake, yaani safu za user_seeks, user_scans na user_lookups za sys.dm_db_index_usage_stats, kwa kipindi kirefu, tena hakikisha kwamba hailindi upekee wa data.