TAHADHARI: Fundi wa funguo za gari anayezunguka mitaa ya Nakuru

Wenye magari ya kuwashwa kwa kitufe hapa Nakuru, someni hii kabla hamjamfungulia mtu geti. Kuna kijana anazunguka Section 58, Kiamunyi, Lanet, mpaka Naivasha anafika, anatengeneza funguo za gari nyumbani kwa mteja. Ana begi jeusi, ana mashine, ana maneno matamu. Akimaliza kazi anaondoka na ufunguo wa gari lako ambao hujui hata kama upo. Mimi nauza viatu vya shule, na ameniibia mzigo wa Januari wote. Jina na namba yake siweki hapa kwa sababu kesi iko polisi na nimeombwa nisiharibu uchunguzi, lakini waliomwona watamtambua tu nikieleza.

Gari langu ni la aina hiyo, limetoka Japani. Lilikuja na ufunguo mmoja. Magari mengi ya Japani yanashuka Mombasa hivyo hivyo, ule wa pili ulishapotelea huko kwao. Sasa ukipotea huo mmoja uliobaki, huna tena ufunguo wowote ambao kompyuta ya gari inautambua, na kulianzisha upya ni gharama kubwa kuliko kuongeza wa pili wakati wa kwanza bado unao mkononi. Hilo nililijua, ndiyo maana nilitafuta fundi mapema. Msiniambie nilikuwa na haraka.

Na sikumwokota barabarani. Nilimpata kupitia chama. Mwanachama mwenzangu mmoja, gari la kaka yake lilitengenezewa ufunguo na huyo huyo na mpaka leo linawaka. Mjini nilikuwa nimeambiwa 28,000, nusu nilipe kwanza halafu nisubiri. Huyu akasema 14,000, tena akaniambia kwa simu: "Mama, hulipi hata shilingi mpaka uwashe gari kwa ufunguo mpya kwa mkono wako mwenyewe." Niambieni, nani angekataa? Tapeli tunayemjua sisi anaomba pesa ya kutangulia halafu simu inazimwa. Huyu hakuomba hata nauli.

Alikuja Jumamosi asubuhi na bodaboda. Ovaroli ya buluu imepigwa pasi, viatu safi. Akamwamkia mama yangu, "Habari ya asubuhi, cucu," yaani bibi kwa Kikikuyu, akainama kabisa. Kabla hajagusa gari akaomba kitambulisho changu na logibuku. "Lazima nihakikishe gari ni lako, mama. Siku hizi wizi umezidi." Maneno hayo yalitoka kwa kinywa chake! Akapiga picha zote mbili, na moyo wangu ukatulia zaidi, kwa sababu fundi mwaminifu kweli huuliza hayo.

Akapiga magoti mlangoni kwa dereva, akachomeka waya wa mashine kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani. Maandishi ya Kiingereza yakaanza kupita kwenye kioo chake. Akaniambia nishike ufunguo wangu niusogeze kwenye kitufe cha kuwashia. Gari likalia pi! "Umesikia? Limekukubali wewe kama mwenyewe. Sasa nitauingiza ufunguo mpya." Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeegemea mlango, naangalia kila kitu.

Hapo ndipo akashika kichwa. Akasema umeme wa betri unashuka, na ukikatika katikati ya kazi kompyuta ya gari itakufa, na kompyuta yenyewe bei yake ni balaa. Anahitaji waya wa ekstensheni achomeke chaja. "Harakisha mama, tusiue gari." Nikakimbia. Ekstensheni ilikuwa nyuma ya televisheni, imefungwa fungwa na waya za king'amuzi, nikapiga magoti nikiivuta huku mama ananiuliza kuna nini. Nikiwa hapo chini nilisikia gari likilia pi. Kimya. Halafu pi nyingine. Nilifikiri ndiyo kazi inaendelea. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwamba gari halijafa.

Niliporudi amechuchumaa vile vile, jasho kwenye paji la uso. Akachomeka chaja, akaangalia kioo cha mashine, akasema, "Mungu mkubwa, tumewahi." Halafu akanipa ufunguo mpya kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi. Nikabonyeza kufunga, taa zikawaka mara 1. Nikabonyeza kufungua, zikawaka mara 2. Nikaingia nikabonyeza kitufe, gari likanguruma. Nikalipa. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni dada yake, laini yake mwenyewe imefika kikomo cha siku. Nikampa chai na mandazi. Akasifu mandazi. Akauliza nauza nini, nikamwambia viatu vya shule, akasema dada yake ana watoto watatu wanaoingia shule Januari, nikampa kadi ya duka. Akauliza kwa upole tu kama mzigo ninaoleta kutoka Eastleigh, Nairobi, unaenea dukani. Nikasema hauenei, msimu ukifika buti la gari ndilo stoo yangu.

Chai yangu alikunywa akiwa na ufunguo wa gari langu mfukoni.

Wiki ya kufungua shule nikaegesha kwenye kiwanja cha kuegesha magari nyuma ya Kenyatta Avenue, tunakolipa kwa mwezi. Buti limejaa dazeni kwa dazeni, na viti vya nyuma nimelaza ili mzigo uingie. Nikafunga, nikasikia mlio, nikaona taa. Saa kumi jioni nikarudi kuchukua viatu vya kuongezea mezani. Gari limefungwa. Vioo vizima, vitasa vizima, hakuna mkwaruzo popote. Nikafungua buti: tupu. Na viti vya nyuma vitupu. Walibakisha katoni moja ya viatu vya mguu mmoja mmoja, vile vya maonyesho.

Gari lililofungwa, mali imetoka. Kila mtu akasema ni mtu wa ndani. Polisi walipokuja walimchukua yule mzee anayelinda kiwanja, na mzee akalala seli. Mtu wa umri wa baba yangu! Alikuwa akirudia jambo moja tu, kwamba aliyekuja alifungua gari kama mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumsimamisha. Hakuna aliyemsikiliza.

Kilichomwokoa ni kamera ya duka la jirani. Mwanamume mwenye kofia anatembea kwa utulivu kuelekea gari langu. Mkono uko mfukoni. Taa za gari zinawaka mara 2. Anafungua buti, anapakia kwenye tuktuk, anafunga, anaondoka. Alipofika mlangoni mwa kiwanja akampungia mzee mkono. Mama yangu alipoiona ile picha kwenye simu alisema, "Huyu ni yule wa mandazi." Alimjua kwa mwendo.

Nikalipeleka gari kwa fundi mwingine, ana duka lake na risiti, anajulikana. Akachomeka mashine, akaniita nisome mwenyewe kwenye kioo: funguo zilizosajiliwa, 3. Mimi ninazo 2. Zile pi mbili nilizosikia nikiwa chini ya televisheni, moja ilikuwa yangu na moja ilikuwa yake. Binti yangu mdogo ndipo akasema, "Mama, si yule mjomba alikuwa na zingine kwa begi?" Mtoto aliona, hakuna aliyemuuliza.

Fundi akanieleza jinsi mambo yalivyo. Magari haya yanatoa mawimbi ya redio karibu na mlango na buti, na ufunguo ulio karibu unajibu. Jibu likiwa la ufunguo uliosajiliwa, mlango unafunguka na gari linawaka. Gari halijui ni mkono wa nani. Kwa hiyo yule mwizi angeweza kuondoka na gari lenyewe. Angeweza kuja nyumbani usiku, geti analijua, na mbwa alishalishwa mandazi naye. Tangu nijue hilo silali vizuri, na mama anaamka kila bodaboda ikipita.

Halafu fundi akavuta ule ufunguo wa chuma unaojificha ndani ya remoti mpya, ule wa kukuokoa betri ya remoti ikiisha. Haujachongwa. Hauna hata jino moja. 14,000, na chuma kitupu! Siku betri ingeisha ningesimama nje ya gari langu mwenyewe kwenye mvua ya Njoro, na kumbe yeye anaingia atakavyo.

Mtu wa namna hii anastahili nini? Binamu yangu wakili ananiambia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, kupata mali kwa udanganyifu, ni kifungo kisichozidi miaka 3. Miaka 3! Kwa wizi, kwa mzee aliyelala seli, kwa mama anayeamka usiku? Kuna wizi juu yake, na kuingilia kompyuta isiyo yako ni kosa kwa sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa kompyuta, na gari hili limejaa kompyuta. Wamfungulie mashtaka yote, kila moja na kifungo chake, asiunganishiwe. Anyang'anywe mashine. Na huyo dada wa M-Pesa aletwe aeleze, kwa sababu 14,000 ziliingia kwake. Nataka nimwone kizimbani bila ile ovaroli ya pasi, aulizwe na hakimu viatu vya watoto viko wapi. Wengine wameniambia nimwite kwa hila nyumbani vijana wamfanyie kazi. Hapana. Nataka afike kortini akiwa mzima, asome mashtaka kwa macho yake.

Dalili zake ni hizi. Hana duka, huja kwako tu. Anapata sababu ya kukuingiza ndani kazi ikiwa katikati: waya, maji, chochote. Kioo cha mashine anakielekeza kwake, haonyeshi mahali panaposema idadi ya funguo. Jina la kupokea pesa si lake. Chuma cha ndani hakijachongwa, na hilo unaweza kuliangalia kwa sekunde chache kabla hujalipa, vuteni. Na anauliza uliza mambo ya biashara yako.

Kama amekufanyia kazi, au kama gari ulilinunua kwa mtu na hujui funguo zake ziko ngapi, nenda kwa fundi mwenye duka asome idadi, halafu afute zote ambazo hazipo mezani mbele yako. Beba funguo zako zote siku hiyo. Kwangu ilifanyika nikiwa nimesimama, na sikuenda popote hata alipoomba spana. Kufuta huko kunaondoa remoti tu. Kama chuma chako cha asili kilikaa mikononi mwake bila wewe kuona, kinaweza kuwa kimenakiliwa, na chuma kinafungua mlango hata kompyuta ikiwa imemsahau. Mimi nimebadilisha kitasa cha dereva. Na mkitaka kuhakikisha gari limefungwa, msivute kitasa huku ufunguo uko mfukoni, kwa sababu magari mengi ya namna hii yatafunguka kwa kuwa ni wewe. Hesabuni taa, au mpe mwenzako ufunguo asogee mbali ndipo uvute. Mengine muulizeni fundi, mimi nauza viatu.

Ninachotaka hasa ni watu. Polisi wanasema mlalamishi mmoja hatoshi kuonyesha kwamba hii ndiyo kazi yake. Najua tuko wengi, maana alinionyesha picha za magari aliyofanyia Lanet na Naivasha akijisifu. Kama lako ni mojawapo, usione haya, usiseme ni mambo madogo. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Nenda fundi asome idadi ya funguo zako, ipige picha namba itakayotokea, kaandikishe ripoti kituo kilicho karibu upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, halafu niandikie kwa faragha niziunganishe na yangu. Jumatatu narudi kwa mpelelezi na ningependa niingie na karatasi zaidi ya moja.

Na wewe mwenye kile kiwanja, najua unasoma. Mzee amesafishwa, picha umeiona, polisi wamemwachilia bila shtaka. Bado umemweka nyumbani bila mshahara. Mrudishe kazini, na zile siku alizokosa umlipe.